Utulivu una nauli yake

Wiki iliyopita nilipokea ujumbe ambao sasa naweza kuukariri: "Dada habari. Tuko wawili, mimi na mke wangu. Serengeti tumeambiwa ni ghali na imejaa watu. Tutafutie sehemu ambayo haijajulikana, kisiwani huko, maana najua itakuwa bei rahisi."

Ninapanga safari hapa Mwanza kwa miaka mingi, na ile sentensi ya mwisho ndiyo inayonichosha kuliko zote. Nimeisikia kutoka kwa walimu, wachumba, vikundi vya kanisa, wafanyakazi wa benki wanaotafuta pa kwenda Pasaka. Wote wanadhani umaarufu ndio unaopandisha bei, kwa hiyo mahali pasipo na jina patakuwa pa bure. Wengi wakishaona hesabu wanadhani nimewaongezea. Sasa naijibu hapa, mara moja.

Bei ya safari haitoki kwenye uzuri wa mahali wala jina lake. Inatoka kwenye gari, boti, mafuta, dereva na idadi ya siku. Kiingilio cha hifadhi kwa Mtanzania ni kipande kidogo cha hesabu hiyo. Gari la kutembelea hifadhi linakunywa mafuta yaleyale likibeba mtu mmoja au sita. Boti halijui mko wangapi. Chukulia kwa mfano boti la kukodi ni shilingi 300,000 kwenda na kurudi: mkiwa sita, kila mtu atatoa 50,000, mkiwa wawili, kila mmoja 150,000. Kule kulikojaa watu, wenzenu wa kugawana wapo tayari. Gari la kwenda Seronera, katikati ya Serengeti, mwezi wa nane unaweza kupata viti viwili kwa watu ambao wameshalipia vinne. Kisiwa ambacho hakuna anayekwenda, gharama yote ya kwenda ni yenu.

Kwa hiyo mteja akiniuliza kama mahali ni ghali, mimi namuuliza: nani mwingine anakwenda huko, siku hiyohiyo, kwa chombo hichohicho? Swali hilo limenisaidia kuliko orodha yoyote ya vivutio.

Chukua Ukerewe. Ndicho kisiwa kikubwa kuliko vyote Ziwa Victoria, na kwa watalii hakina jina kabisa. Lakini kufika Nansio, mji wake mkuu, ni nafuu, na unafuu huo hauna uhusiano na utalii. Waliopunguza nauli yako ni akina mama wenye matenga ya machungwa, wenye maduka wanaorudi na magodoro, wanafunzi, mabibi waliotoka kliniki Mwanza. Meli inakwenda kwa sababu yao. Wewe umepewa kiti tu. Ni safari ya zaidi ya saa tatu majini, na ukiweza kukaa nje, unaona mawe ya Mwanza yakipungua nyuma yako moja moja hadi jiji linakuwa mstari. Au unapita Bunda hadi Kisorya na kuvuka kwa kivuko hadi Rugezi, njia ndefu ya barabara lakini maji machache. Ukifika, kuna ikulu ya zamani ya watemi kule Bukindo, kuna ufukwe wa Rubya, kuna baiskeli za kukodi, na kuna jioni ambazo hakuna anayekuuzia chochote. Hapo una utulivu na una unafuu, kwa sababu wenyeji wa Ukerewe wana shughuli zao na wewe umedandia.

Sasa chukua Rubondo, ambayo ndiyo kila mtu anaiwaza akisema "kisiwani huko". Nitakaa hapa kidogo, maana hapa ndipo mambo yanapochanganywa.

Rubondo ni hifadhi ya taifa tangu 1977. Ina karibu kilomita za mraba 457, na karibu nusu yake ni maji. Hakuna kijiji ndani. Hakuna mama mwenye tenga la machungwa anayekwenda Rubondo. Ukitoka Mwanza unavuka Daraja la Kigongo–Busisi, na hilo nashukuru kwa moyo wote, kwa sababu kabla halijafunguliwa mwaka 2025 nimewahi kusubiri kivuko pale Kigongo na wageni hadi watoto wakalala kwenye viti. Sasa kilomita kama tatu za daraja ni dakika chache. Kisha Sengerema, Geita, halafu unachagua: ushuke Nkome, ambako boti lina safari ndefu, au uendelee hadi Kasenda upande wa Chato, ambako maji ni ya nusu saa hivi. Barabara imefupika, boti halijafupika. Boti ni lenu peke yenu, mafuta ni yenu, na likirudi tupu, safari hiyo tupu nayo ni yenu.

Mkishafika, mnapata msitu hadi ukingoni mwa maji, furukombe wakiitana juu ya vichwa, nzohe, wale swala wa majini, kwenye matete, viboko, mamba, na ruhusa ya kutembea kwa miguu na askari. Hamtapata simba. Nalisema hili mapema kila mara, kwa sababu watu husikia neno "hifadhi" na kichwani tayari wana simba. Kukosekana kwa simba ndiko kunakoruhusu ule mwendo wa polepole msituni ambao Serengeti hautaupata.

Na sokwe. Hapa niseme wazi kosa langu. Sokwe wa Rubondo hawakuwa wa pale. Kati ya 1966 na 1969 waliachiwa kisiwani sokwe 17 waliokuwa wamefungiwa Ulaya, kwenye bustani za wanyama na sarakasi, kwa juhudi za Mjerumani Bernhard Grzimek, mtetezi wa wanyamapori, na shirika la uhifadhi la Frankfurt. Waliopona walizaana, na walioko leo ni sokwe wa porini kabisa, wengi wao wanamkimbia mtu. Kazi ya kuwazoesha ni ya miaka. Hadithi hiyo ni tamu mno kuisimulia, na mwaka mmoja niliisimulia kwa familia moja kwa utamu uliopitiliza. Walikwenda siku mbili msituni, wakaona viota juu ya miti, wakasikia makelele, sokwe hawakuwaona. Binti yao alikuwa na miaka kumi na mbili na alikuwa ameandaa daftari. Sikuwadanganya kwa neno hata moja, lakini nilijua walivyonielewa na sikuwarekebisha. Tangu hapo naandika kwenye makubaliano: mnakwenda msituni ambamo sokwe wanaishi. Sitaji neno "kuona".

Kwa hiyo Rubondo ni ya nani? Ni ya mtu aliyekwisha kuona simba wake, mwenye siku tatu au zaidi, na mwenye wenzake wanne wa kugawana boti. Kwa wawili wenye bajeti ndogo na siku mbili, hapana. Hata kama mnapenda kimya kiasi gani.

Jambo la pili linaloniudhi linakaribiana na hilo: kudhani mahali maarufu pamejaa kila kona, kila mwezi. Serengeti ina kilomita za mraba zaidi ya 14,700. Picha za magari thelathini yakizunguka simba mmoja, au yamejipanga ukingoni mwa Mto Mara nyumbu wakivuka, ni za kweli, lakini ni za maeneo machache na miezi michache. Na cha ajabu, watu wa Kanda ya Ziwa wenyewe wananiambia Serengeti ni mbali, ni ya Arusha. Sehemu kubwa ya Serengeti iko mkoa wa Mara! Lango la Ndabaka liko kando ya barabara ya Mwanza–Musoma, ukishapita Lamadi, kama kilomita 140 kutoka hapa, lami tupu. Anayetoka Arusha kwa kawaida anapita Ngorongoro na kulipia eneo lile hata kama anapita tu. Wewe wa Igoma unaingia kwa mlango wa magharibi bila gharama hiyo, na saa za kwanza barabarani unaweza kuhesabu magari mengine kwa vidole vya mkono mmoja.

Ukanda ule wa magharibi una Mto Grumeti na mamba wake wazee, una mbega kwenye miti ya kando ya mto, na una nyumbu wasiohama wanaokaa mwaka mzima. Makundi makubwa hupita huko kwa kawaida kati ya Mei na Julai, ila mvua ndiyo inayoamua, na sijawahi kumuahidi mtu tarehe. Una ubaya wake pia. Udongo wa mbuga za Ndabaka ni mweusi, ukilowa unanata na gari linazama hadi tumboni. Machi na Aprili simpeleki mtu kwa gari moja. Mbung'o wapo, kwa hiyo nguo nyeusi na za buluu ziacheni nyumbani.

Na mtu ambaye hajawahi kuona simba hata siku moja, mimi nampeleka Seronera. Ndiyo, kwenye watu. Seronera ina watu kwa sababu ina wanyama, na ina wanyama kwa sababu maji yapo mwaka mzima, na chui wanapenda miti ya kando ya Mto Seronera, na simba wanapenda mawe makubwa ya pale. Umaarufu wake haukutungwa ofisini. Sioni kwa nini mtoto wa Nyamagana akose chui wa kwanza maishani mwake ili tu baba yake ajisifu kwamba alikwenda pasipojulikana. Ondokeni kambini kabla jua halijatoka, na nusu ya msongamano mnaoogopa bado itakuwa inakunywa chai.

Saanane, kisiwa cha hapa jijini, niipite haraka: kilomita za mraba 2.18, hifadhi ya taifa tangu 2013, boti dakika chache kutoka karibu na Capri Point. Jumapili na sikukuu imejaa wanafunzi na maharusi. Jumanne asubuhi mtakuwa ninyi na pimbi kwenye mawe. Ni mahali palepale. Bujora vivyo hivyo: unashuka Kisesa kwa daladala, unaingia makumbusho ya Wasukuma aliyoyaanzisha Padri David Clement kutoka Kanada, na siku nyingi za mwaka unasikia nyayo zako mwenyewe. Njoo wakati wa Bulabo, sikukuu ya ngoma ya mwezi wa sita, makundi mawili ya wachezaji, Bagika na Bagalu, wakishindana, na hutapata pa kusimama. Mimi ningekuambia uje siku hiyo, uje ubanwe. Kuna mahali ambapo watu ndio kivutio chenyewe.

Sasa mambo ya ziwa, na hapa sitanii na mteja yeyote. Ghuba tulivu yenye maji yaliyosimama na matete ndiyo makazi ya konokono wanaobeba kichocho. Ule ufukwe wa pekee unaoutamani, usio na mtu, mara nyingi ndio wa kuogopa zaidi. Vimelea vinapita kwenye ngozi, huhitaji kunywa maji. Na pasipo na watu hapana wa kukuambia mamba alionekana wapi jana. Waulize wavuvi wa mwalo (pale mitumbwi inapotua na samaki) ulio karibu kabla hujavua viatu.

Boti: jaketi okozi kwa kila kichwa, watoto wakiwemo, la sivyo hatuondoki. Asubuhi ziwa mara nyingi limetulia, mchana upepo unaamka, kwa hiyo tunavuka mapema. Tarehe 20 Septemba 2018 MV Nyerere ilipinduka karibu kabisa na gati la Bwisya, Ukara, ikiwa imezidiwa na abiria, wakafa watu zaidi ya 200. Anayeniambia "si mwendo mfupi tu, dada" namkumbusha kwamba watu wale walikuwa wanaiona nchi kavu.

Kuna shaka moja ambayo sijaimaliza. Kila ninapomsifu mtu utulivu wa mahali, ninaupunguza. Upo mwalo mmoja upande wa Ukerewe ambako nilikuwa nikiwapeleka wageni asubuhi, dagaa wakianikwa kwenye mchanga, ziwa limekuwa la fedha. Mara ya nne au ya tano, mama mmoja mtu mzima aliacha reki yake akanijia. "Mwanangu," akaniambia, "hawa wako wanapiga picha, wanaondoka. Hata salamu hawatoi." Nilimwomba radhi. Kwa miezi kadhaa sikumpeleka mtu. Siku hizi nawapeleka wachache, tunasalimia kwanza, tunanunua dagaa kwao na kamera inabaki mfukoni mpaka turuhusiwe. Sijui kama hiyo inatosha, na picha za mwalo ule sizibandiki mtandaoni tena, wala jina lake silitaji hapa.

Yule bwana na mkewe nimewashauri Ukerewe kwa meli, siku tatu, na Serengeti kwa Ndabaka mwakani wakipata wenzao wanne. Alinijibu, "Kumbe." Wewe ukinitumia ujumbe, usianze na jina la mahali. Niambie mko wangapi, mna siku ngapi, kuna watoto wa umri gani, na nani kati yenu anaogopa maji.