Bodaboda mjini: maswali ya abiria na ya dereva

Ajali ya bodaboda ikitokea, wa kwanza kulaumiwa ni dereva, na mara nyingi anastahili. Ila anayesema "niwahishe, nimechelewa" ni abiria, na anayepanda bila kofia ngumu ni huyohuyo. Ndiyo maana majibu mengi hapa chini yanamhusu aliyekaa nyuma, ingawa dereva naye ana yake. Mifano ni ya Dar es Salaam. Msomaji wa Mwanza au Mombasa atabadilisha majina ya barabara tu.

Safari yangu ni fupi, Mwenge hadi Sinza. Kofia ngumu ya nini?

Urefu wa safari hauhusiki. Kinachoumiza kichwa ni kasi mliyokuwa nayo wakati wa kugonga. Piga hesabu: kugonga kitu kigumu mkiwa kwenye kilomita 30 kwa saa ni sawa na kuanguka kutoka urefu wa mita tatu na nusu. Mkiwa kwenye 50, ni karibu mita 10, yaani ghorofa ya tatu. Na 50 kwa barabara ya Sam Nujoma asubuhi mapema, kabla foleni haijajaa, bodaboda wengi wanaiona ni mwendo wa kubembeleza.

Tafiti za nchi mbalimbali zilipokusanywa na kuchambuliwa pamoja, zilionyesha kwamba kofia ngumu inapunguza hatari ya kufa kwa takriban asilimia 42, na hatari ya kuumia kichwa kwa takriban asilimia 69. Lakini ifungwe kamba. Isiyofungwa huchomoka mapema, na kichwa kinafika chini peke yake.

Kazi kubwa inafanywa na lile povu gumu lililo chini ya kitambaa cha ndani. Pigo likija, povu linabonyea na kulipunguza kabla halijafika kwenye fuvu. Likishabonyea halirudi, kwa hiyo kofia iliyopita kwenye ajali haifai tena hata kama nje inang'aa. Kofia ya fundi ujenzi haifai pia: imetengenezwa kwa ajili ya kitu kinachodondoka kutoka juu, wakati ukianguka na pikipiki unaweza kupigiza kisogo au upande wa sikio. Unaponunua, chagua inayobana mashavu bila kuumiza. Ifunge, kisha tikisa kichwa. Ikizunguka, ni kubwa. Kati ya kamba na kidevu viingie vidole viwili, basi.

Kofia ya abiria inanuka jasho, na naogopa magonjwa. Niivae tu?

Hofu hii ina msingi wake. Mapunye na chawa wanaweza kuhama kupitia kofia inayovaliwa na watu wengi. Lakini mapunye yana dawa, na chawa wanatoka. Fuvu lililopasuka ni habari nyingine kabisa. Beba kitambaa chepesi cha kufunga kichwa au kofia nyembamba ya kitambaa, uivae ndani, uifue ukifika nyumbani. Mwenye mtandio anaweza kuvalia kofia juu yake, mradi hakuna fundo kubwa linaloinyanyua. Kama unapanda kila siku, nunua yako. Kigali abiria kuvaa kofia ni jambo la kawaida kabisa, na nywele wanasuka kama sisi.

Dereva, nawe ianike kofia ya abiria juani mara kwa mara na uifute ndani. Abiria akiikuta safi hana sababu ya kukataa.

Dereva anakimbia mno. Nikimwambia apunguze, anasema "usiogope, dada".

Ongea kabla hujapanda. Mkishakubaliana bei, kubalianeni na mwendo papo hapo: "Kaka, sina haraka, twende taratibu." Ukishakuwa nyuma, upepo na honi vinakula maneno, na kumgongagonga begani kunamtoa mawazo barabarani.

Kabla ya hapo mtazame. Ananuka pombe? Macho mekundu kwa usingizi kwa sababu alikesha kijiweni? Simu ameibana ndani ya kofia anaongea? Tairi kipara, vioo vya pembeni hakuna? Tafuta mwingine, hata kama ndiye aliyekuwa wa kwanza kwenye foleni ya kijiwe na wenzake watanuna. Na akianza vituko njiani, mwambie ashushe mahali salama, mlipe, ushuke. Nauli mbili ni nafuu kuliko chuma kwenye muundi.

Halafu tuseme ukweli kuhusu hiyo haraka. Kwa safari ya kilomita sita, kwenda 60 badala ya 40 kunakuokolea dakika tatu, tena kama hakuna mataa hata moja. Kwa kasi ya 60, sekunde moja ya kushtuka kabla dereva hajagusa breki mnakuwa mmeshakwenda karibu mita 17. Kwa 40 ni 11. Ndani ya hizo mita sita za tofauti ndimo anamosimama mtoto aliyekatiza barabara.

Mimi ni dereva. Kwenye foleni, hatari kubwa iko wapi?

Iko kwa wasiokuona. Anza na malori na mabasi. Dereva wa lori haoni ubavu wake wa kushoto karibu na kichwa cha gari, na anapokata kushoto tairi za nyuma hupita ndani zaidi kuliko za mbele. Ukiwa umejipenyeza pale kati ya lori na ukingo, Mandela Road au kwingine, anakufinya bila hata kujua kwamba upo. Kanuni ni rahisi: usipouona uso wa dereva kwenye kioo chake, naye hakuoni. Baki nyuma.

Ya pili ni daladala iliyosimama. Mbele yake huwa anatokea mtu anayevuka, na mlangoni anaruka kondakta. Magari madogo nayo yakisimama kwenye foleni, milango hufunguka ghafla, abiria kachoka ameamua kutembea. Ukipita katikati yao, mwendo uwe ambao unaweza kusimama ndani ya hatua chache, vidole viko kwenye breki tayari.

Njia za mwendokasi, zile za mabasi yaendayo haraka, zinatamanisha kwa sababu ni tupu. Ni tupu hadi basi litokee, na basi lile ni zito, haliwezi kukukwepa kwa sababu pembeni limezungushiwa ukingo. Usiingie humo hata kama wenzako wote wameingia.

Kuhusu breki, kuna imani vijiweni kwamba ya mbele inapindua. Inapindua ikikamatwa ghafla, hasa kwenye mchanga au pikipiki ikiwa imelala kwenye kona. Vinginevyo ndiyo yenye nguvu kubwa, kwa sababu uzito mwingi unasogea mbele unaposimama. Anayetumia ya mguu peke yake anahitaji umbali mrefu zaidi kusimama. Tumia zote mbili, ukiongeza nguvu polepole.

Mvua ikianza, dakika za mwanzo ndizo za utelezi mbaya, maana mafuta na vumbi bado havijasombwa. Rangi ya zebra huteleza pia. Na dimbwi usilolijua chini yake kuna shimo, lizunguke.

Nimevaa khanga au gauni refu. Nikae upande?

Kukaa upande kunakuondolea mshiko na mizani, na pikipiki ikipiga breki wewe ndiye wa kwanza kuondoka. Vaa suruali au taiti ndani, ukae kwa kutanua miguu, nguo uikusanye mapajani. Ncha za khanga, buibui na mtandio zichomeke vizuri. Zikinaswa na cheni au spoku za gurudumu la nyuma, mtandio unaweza kumkaba mtu shingo ndani ya sekunde.

Mtoto ambaye miguu yake haifiki kwenye vikanyagio hana pa kujishikilia. Kumweka mbele kwenye tangi ni kumgeuza kuwa mto wa dereva mkigonga. Na mishikaki, wawili au watatu nyuma, inabadili kabisa jinsi pikipiki inavyokata kona na kusimama, hata dereva awe hodari vipi.

Eksozi imeniunguza mguu. Nipake nini?

Maji. Maji safi ya kawaida yanayotiririka, kwa dakika 20, hata kama maumivu yamepungua mapema. Barafu hapana. Dawa ya meno, unga, ute wa yai na mafuta ya breki hapana kabisa: vinazuia joto kutoka na vinaleta uchafu kwenye kidonda. Malengelenge usiyapasue, funika kwa kitambaa safi. Kama kidonda ni kikubwa kuliko kiganja chako, au una kisukari, nenda kituo cha afya. Pikipiki nyingi za bodaboda eksozi iko kulia, hivyo pandia na shukia kushoto.

Ajali imetokea mbele yangu. Nifanye nini?

Simamisha magari kwanza, msije mkagongwa nyote. Piga 112. Majeruhi usimvute mikono wala kumkalisha. Shingo inaweza kuwa imevunjika. Kofia usimvue kama anapumua vizuri. Akiwa hapumui, mtu mmoja ashike shingo isitikisike, mwingine aivue polepole, muanze kumsaidia kupumua na kumkandamiza kifua kama mnajua. Damu inayotoka kwa nguvu, kandamiza kwa kitambaa moja kwa moja bila kuachia. Maji ya kunywa asipewe, anaweza kuhitaji upasuaji.

Mfupa uliotokeza nje ufunikwe kwa kitambaa safi, usirudishwe ndani. Huyo apelekwe hospitali siku hiyohiyo, si kwa mganga wa mifupa, kwa sababu anahitaji kusafishwa kidonda, dawa za kuzuia maambukizi na sindano ya pepopunda mapema. Taasisi ya Mifupa ya MOI pale Muhimbili hupokea majeruhi wengi wa pikipiki, na kidonda kilichochelewa kinaweza kumpotezea mtu mguu ambao ungepona.

Nilianguka jana, nikainuka, najisikia salama. Nina haja ya kwenda hospitali?

Kama ulipoteza fahamu hata kwa muda mfupi, au hukumbuki ulivyoanguka, nenda leo. Damu inaweza kuvuja taratibu ndani ya fuvu, mtu akaongea na kula vizuri kwa saa kadhaa kisha akazidiwa. Anayekaa nawe aangalie kutapika, kichwa kinachozidi kuuma, usingizi usio wa kawaida, maneno kuchanganyika, mboni moja ya jicho kuwa kubwa kuliko nyingine, degedege, au majimaji yasiyo na rangi yanayotoka puani au masikioni. Dalili moja tu inatosha kukimbilia hospitali yenye CT scan, mashine ya kupiga picha ndani ya kichwa.

Tumbo nalo: usukani ukikupiga, bandama inaweza kuchanika bila jeraha nje. Tumbo likikaza, au ukiona kizunguzungu na jasho baridi, usisubiri kukuche. Mjamzito aende akapimwe hata kama hana maumivu yoyote, kwa kuwa kondo la nyuma linaweza kuachia baadaye. Kwa maumivu, meza paracetamol. Aspirini, diclofenac na ibuprofen ziache hadi daktari akuone, maana zinaweza kuongeza kuvuja damu.