Mfumuko wa bei ukishuka, mbona bei hazishuki?

Watu wengi tunaamini wakisema mfumuko wa bei umeshuka basi na bei dukani zimeshuka, na kweli neno lenyewe linachanganya. Mfumuko ni spidi ya bei kupanda, sio bei yenyewe. Chukulia kilo ya sukari ilikuwa 2,000, mwaka uliofuata 2,200, hapo imepanda asilimia 10, halafu mwaka wa tatu ikawa 2,266, sasa ni asilimia 3 tu, mfumuko umeshuka ila mfukoni unatoa hela nyingi zaidi. Afu ile namba ya mfumuko ni wastani wa kapu zima la vitu watu wanavyolipia, nauli, kodi ya nyumba, unga, kwa hiyo nyanya zinaweza kupaa na wastani ukatulia. Ukitaka kuhakikisha mwenyewe andika kwenye daftari bei za vitu vilevile unavyonunua, ulinganishe na mwezi huohuo mwaka jana.