JVA, pesa za Marekani na uvumi wa Nairobi

Kutoka Eastleigh hadi Kayole na Kasarani, wakimbizi bado wanasema "JVA" (Joint Voluntary Agency), ingawa ofisi hiyo ilibadilisha jina kitambo. Siku hizi inaitwa RSC Africa, yaani Kituo cha Kusaidia Makazi Mapya barani Afrika. Iko Nairobi tangu 1990, na kazi yake ni kuandaa kesi za wakimbizi walio katika nchi za Afrika kusini mwa Sahara wanaotafuta makazi mapya Marekani. Anayeiendesha ni Church World Service, shirika la makanisa ya Marekani lililoundwa 1946. Anayelipa gharama ni serikali ya Marekani. Hapo kwenye malipo ndipo uvumi mwingi unapoanzia.

"Wanalipwa na serikali, basi wao ndio wanaoamua"

Hawaamui. Hivi ndivyo kazi ilivyokwenda hadi mpango uliposimamishwa Januari 2025: kesi nyingi zilifika JVA zikitoka UNHCR, shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi, na nyingine zilikuja kupitia jamaa walio Marekani au makundi maalumu yaliyoteuliwa. Mfanyakazi wa JVA humketisha mkimbizi na mkalimani, akaandika alikimbia nini, alipitia wapi, ana watoto wangapi, ndugu zake ni akina nani na wako wapi. Majina huingizwa kwenye mfumo, kisha hutumwa kwa idara za usalama za Marekani yakachunguzwe. Baadaye huja afisa wa uhamiaji wa serikali yenyewe, kutoka idara ya uraia na uhamiaji ya Marekani, USCIS, akamwapisha mkimbizi na kumhoji upya. Huyo ndiye anayekubali au kukataa. Mfanyakazi wa JVA, awe Mkenya au Mmarekani, hana mamlaka hayo hata akikuonea huruma kiasi gani.

Lakini wale wanaosema JVA ni makarani tu nao wanakosea. Afisa wa USCIS huingia chumbani akiwa na faili waliyoiandaa wao. Ukisema leo una watoto wanne na faili inasema watano, au tarehe ya kuzaliwa kwa mkeo ikatofautiana na ile uliyoitoa kambini, utaulizwa, na kesi inaweza kukaa muda mrefu ikisubiri maelezo. Ndiyo maana huulizwa jambo moja mara tatu kwa njia tatu. Wengi huona ni kusumbuliwa. Kwa maoni yangu hakuna sehemu ya safari nzima inayostahili utulivu wa akili kuliko hiyo.

Ukishakubaliwa, IOM, shirika la kimataifa la uhamiaji, hukupima afya na kupanga safari, JVA hukupa mafunzo ya maisha ya Marekani, na serikali ya Kenya lazima itoe kibali cha kuondoka nchini. Mikono mingi, na pesa za Washington hupitia zaidi ya mkono mmoja.

"Kadiri wanavyopeleka watu wengi ndivyo wanavyovuna"

Huu una chembe ya ukweli iliyokaa mahali pasipo pake. Mashirika yanayompokea mkimbizi akishatua Marekani hulipwa kwa kila kichwa, na sehemu ya fedha hizo lazima imfikie mkimbizi mwenyewe. Kituo cha Nairobi hakiendeshwi hivyo. Chenyewe hufanya kazi kwa mkataba wa ushirikiano na idara ya Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani inayoshughulikia wakimbizi, PRM, na bajeti hupangwa kabla: mishahara, wakalimani, kompyuta, safari za kambi za Kakuma na Dadaab. Hesabu hukaguliwa. Kesi iliyokataliwa imekula mafuta ya gari yale yale kama iliyokubaliwa, na kwa hiyo kupitisha mtu asiyestahili hakukiongezei kituo mapato.

"Ukiwa na mtu ndani, kesi husonga"

Huduma zote hizi ni za bure, kuanzia fomu hadi intavyu. Hata hivyo siwezi kuwacheka wanaoamini uvumi huu, kwa sababu haukuota kwenye jiwe. Mwaka 2001 wachunguzi wa Umoja wa Mataifa walithibitisha kwamba mtandao wa watu ndani na nje ya ofisi ya UNHCR ya Nairobi ulikuwa ukiwatoza wakimbizi pesa ili wapate makazi mapya. Mwaka 2008 Marekani ilianza kupima DNA za watu waliodai kuwa familia moja, ikianzia Nairobi. Udanganyifu ukaonekana kuwa mkubwa mno, na mpango wa kuunganisha familia ukafungwa mwaka huo huo, usifunguliwe tena hadi 2012. Walioumia zaidi ni wake na watoto halisi waliongoja miaka minne kwa sababu ya nafasi zilizouzwa kwa wengine. Dalali hawezi kuagiza uchunguzi wa usalama, wala hana kiti katika chumba cha afisa wa USCIS.

"Ni ofisi ya kanisa, Mwislamu asijisumbue"

Waulize Wasomali Wabantu. Mwaka 2002 maelfu yao, karibu wote Waislamu, walihamishwa kwa mabasi kutoka Dadaab hadi Kakuma ili wahojiwe mahali palipo salama zaidi, kisha wakaanza kusafiri kwenda Marekani mwaka uliofuata.

"Ndege ni zawadi"

Ni mkopo. IOM hulipa tiketi, mkimbizi hutia sahihi, na miezi 6 baada ya kufika huanza kulipa kidogo kidogo, bila riba.

"Pesa zikirudi, tutaendelea tulipoishia"

Huu ndio unaonitia wasiwasi zaidi, kwa kuwa unasikika kama busara.

Tarehe 20 Januari 2025 Rais Donald Trump alitia sahihi amri ya kusimamisha mpango wa kupokea wakimbizi, na siku chache baadaye mashirika yakaamriwa kusitisha kazi zilizolipiwa na fedha za Marekani. Safari za watu waliokwisha kupata tiketi zilifutwa. Church World Service ni miongoni mwa waliokwenda mahakamani Seattle. Februari 25 jaji aliizuia amri hiyo. Kesho yake Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani ikawaandikia mashirika barua za kuvunja mikataba.

Mkataba ukivunjika, faili hazichomwi. Ila kila kitu ndani yake kina tarehe. Cheti cha afya kwa kawaida hudumu miezi 6, na cha mwenye historia ya kifua kikuu huenda kikawa kifupi zaidi. Uchunguzi wa usalama nao huisha muda. Usipokuwa hai kwa wakati mmoja na cheti cha afya cha kila mwanafamilia, hakuna anayepanda ndege. Mama akijifungua, mtoto lazima aongezwe. Kijana akioa, kesi hubadilika sura. Kwa hiyo kusimama kwa miezi michache huweza kumrudisha mtu nyuma sana, hata kama alikuwa amebakiza ndege tu.

Na pesa kurudi si lazima zikurudie wewe. Chini ya sheria ya wakimbizi ya 1980, rais wa Marekani huweka kikomo cha watu kila mwaka wa fedha. Kwa mwaka wa 2025 kilikuwa kimewekwa 125,000. Kwa mwaka wa 2026 kikashushwa hadi 7,500, na nafasi nyingi zikaelekezwa kwa Waafrikana, Wazungu wa Afrika Kusini. Desemba 2025 Afrika Kusini iliwakamata Wakenya saba waliokuwa wakishughulikia maombi ya Waafrikana hao jijini Johannesburg kwa viza za utalii, ikawafukuza na kuwapiga marufuku ya miaka 5. Kazi ilikuwapo, na Wakenya walikuwa wakiifanya. Foleni tu ndiyo haikuwa ya Kakuma.

Kenya ina zaidi ya wakimbizi 800,000, na hata miaka ya neema waliopata nafasi ya nchi ya tatu, Marekani au kwingineko, walikuwa wachache mno. Mwenye kesi iliyosimama awapelekee UNHCR nambari yake mpya ya simu akiibadilisha, aandikishe kila mtoto anayezaliwa, na ahakikishe kitambulisho chake cha idara ya wakimbizi ya Kenya hakijaisha muda. Hayo pia hayalipiwi.