Je, wajua maisha ya mtu aliyetoka ICU, wodi ya wagonjwa mahututi, hupimwaje miaka inavyopita?

Baba mkubwa wangu alirudi Kibosho baada ya siku kumi na nane za hospitali. Kumi na moja kati ya hizo alikuwa ICU, mashine ikimpumulia. Ilikuwa nimonia. Siku aliyoshuka kwenye gari baraza lilijaa. Majirani walileta mtori, maziwa na ndizi, wazee wa kanisa wakasali, na kila aliyeingia alisema lile lile: "Pole sana mzee. Mungu mkubwa, umepona." Naye aliitikia kila mmoja: "Nimepona, tumshukuru Mungu."

Jioni watu walipokwisha kuondoka, alivuta chupa ya chai ajimiminie. Kifuniko kikakataa. Alikizungusha kwa mkono wa kulia, akahamia wa kushoto, kisha akaibana chupa katikati ya magoti na kujaribu kwa mikono yote miwili. Mwishowe akairudisha mezani taratibu, akakaa kimya. Nilikuwa karibu naye kabisa, na sikujua kama nimfungulie au nijifanye sijaona.

Kwenye faili la hospitali aliandikwa kuwa amepata nafuu na kuruhusiwa. Faili halikudanganya, lakini halikuwa na mahali pa kuandika habari ya kifuniko. Tangu siku ile nimekuwa nikisoma kila ninachokipata juu ya swali hili: mtu akitoka ICU, utajuaje kwamba maisha yake yamerudi? Na utayapimaje baada ya miezi sita, mwaka, au miaka mitano?

Kwa muda mrefu ni wachache waliouliza, na sababu yake inaeleweka. ICU yenyewe ni kitu cha juzi. Mwaka 1952 mji wa Copenhagen, Denmark, ulikumbwa na polio iliyolemaza misuli ya kupumulia. Daktari wa usingizi, Bjørn Ibsen, alishauri wagonjwa watobolewe koo na kupuliziwa hewa kwa mkono, na wanafunzi wa udaktari wapatao 1,500 wakapokezana zamu usiku na mchana wakibinya mifuko ya hewa. Vifo vikapungua sana, na mwaka uliofuata ikazaliwa wodi ya kudumu ya wagonjwa mahututi. Mahali ambapo jana karibu kila mtu alikuwa anakufa, swali lililobaki lilikuwa moja tu: ametoka hai au hakutoka? Kwetu swali hilo bado ni zito. Utafiti uliochapishwa 2014 kuhusu ICU za hospitali nne za rufaa Tanzania, KCMC ya hapa Moshi ikiwa mojawapo, uliangalia wagonjwa zaidi ya 5,600, na karibu 41 kati ya kila 100 walifariki. Familia inayorudi na mtu wake akiwa hai haina moyo wa kuanza kuuliza habari za vifuniko.

Miongoni mwa walioanza kuuliza kwa umakini ni madaktari wa Toronto, Kanada. Walifuatilia watu 109 waliopona tatizo kali la mapafu, wengi wao wakiwa bado na nguvu za kazi, umri wa kati ukiwa miaka 45. Matokeo ya mwaka wa kwanza yalitoka 2003, na yalishangaza kwa sababu mapafu hayakuwa shida kubwa tena. Baada ya miezi sita yalikuwa yanavuta na kutoa hewa karibu kama ya mtu mzima wa afya. Kilichobaki nyuma kilikuwa misuli. Watu hao walitoka ICU wakiwa wamepoteza asilimia 18 ya uzito wao, na baada ya mwaka mzima ni kama nusu yao tu waliokuwa wamerudi kazini. Walipopimwa tena baada ya miaka mitano bado hawakuwa wamefikia mwendo wa watu wa umri wao.

Mwendo huo hupimwa kwa njia rahisi ambayo naipenda sana. Unatafuta kibaraza kirefu, kilichonyooka, cha mita 30. Unaweka alama huku na huku, unamwambia mtu atembee kwenda na kurudi kwa dakika sita, kwa kasi anayoiweza, akichoka asimame, kisha unahesabu mita. Wale wa Toronto walifikisha mita 422 baada ya mwaka mmoja, na 436 baada ya mitano. Yaani kwa miaka minne waliongeza mita 14 tu.

Kwa nini misuli iishe hivyo wakati mtu amelala tu? Mwaka 2013 watafiti wa Uingereza walipima msuli wa paja la wagonjwa wa ICU kwa kipimo cha altrasaundi, na wakakuta kwamba ndani ya siku kumi za kwanza ukubwa wa mkato wake umepungua kwa karibu asilimia 18. Kulala kunachangia, ila ugonjwa wenyewe unakula zaidi: mwili unaopigana na maambukizi makali huvunja nyama yake ili upate cha kuchoma. Kwa hiyo mkono wa baba mkubwa haukuwa umezembea. Ulikuwa umeliwa.

Halafu kuna kichwa. Siku za ICU wengi huweweseka. Baba mkubwa hadi leo anasimulia kwamba alipakiwa kwenye lori pale Mbuyuni, akafungwa mikono pamoja na magunia ya vitunguu, akapelekwa asikokujua. Hasemi kama anayesimulia ndoto. Anasema kama anayetoa ushahidi. Utafiti mkubwa wa Marekani, nao wa 2013, ulifuatilia wagonjwa 821, na karibu robo tatu yao waliwahi kuweweseka wakiwa hospitali. Mwaka mmoja baadaye, kama theluthi ya waliopimwa walikuwa na uwezo wa kufikiri unaolingana na wa mtu aliyewahi kuumia kichwa kwa kiwango cha wastani. Na kadiri mtu alivyoweweseka siku nyingi, ndivyo akili ilivyochelewa kurudi. Mwaka 2010 wataalamu walikutana wakaiunganisha hali yote hii chini ya jina moja: mabaki ya ICU katika mwili, katika akili na katika hisia.

Mita zinahesabika, na kumbukumbu inapimika kwa kumtajia mtu maneno matano na kumwomba ayarudie baadaye. Lakini ubora wa maisha anaujua mwenye maisha. Lazima umwulize, na hapo ndipo kazi ngumu inapoanza.

Dodoso moja linalotumika sana lina maswali 36, lilitolewa Marekani 1992. Linagusa maeneo manane: uwezo wa mwili, maumivu, nguvu, uhusiano na watu, hali ya moyo na kadhalika. Kila eneo hupata alama kutoka 0 hadi 100, kisha alama huweza kupangwa upya ili wastani wa watu wote uwe 50. Wale wa Toronto, baada ya miaka mitano, upande wa mwili walikuwa na 41. Lipo pia dodoso fupi la maswali matano tu: kutembea, kujihudumia, kazi za kila siku, maumivu, na wasiwasi au huzuni. Mwisho wake linakuonyesha mstari mfano wa kipimajoto, 0 chini na 100 juu, na kukuomba uweke alama mahali afya yako ilipo leo.

Sasa chukua hilo la maswali 36 uje nalo Kibosho. Swali moja katika lile la asili linauliza kama afya inakuzuia kusukuma meza, kusukuma mashine ya kufyonza vumbi, au kucheza gofu. Jingine linauliza kama umejisikia "bluu", rangi ambayo kwa wasemaji wa Kiingereza ni huzuni na kwetu ni rangi tu. Jingine linataka kujua kama unaweza kutembea zaidi ya maili moja, bila kusema ni tambarare au ni mlima. Mtu wa kihamba, shamba la migomba la nyumbani, atakuuliza: natembea mikono mitupu, au na mzigo wa majani ya ng'ombe kichwani?

Ndiyo maana kutafsiri dodoso ni utafiti unaojitegemea. Mmoja hulileta kwenye Kiswahili, mwingine asiyeliona la asili hulirudisha kwenye Kiingereza, wanalinganisha, wanabishana, kisha wanalijaribu kwa watu wa kawaida ili waone kama alama zinasimama. Hili la maswali 36 lilipitia njia hiyo hapa Tanzania, na matokeo yake kuchapishwa 1999. Kwa hiyo chombo cha Kiswahili tunacho, na hilo ni jambo la kujivunia.

Lakini hata lenye Kiswahili kizuri linaweza kumpita mtu. Mfikirie mgumu, yaani mpagazi, anayepandisha mzigo wa kilo 20 Kilimanjaro. Akipona, akaweza kutembea kilomita mbili na kupanda ngazi za nyumba, upande wa kutembea atapata alama za juu kabisa, huku kazi iliyokuwa inamlisha imekufa. Fundi cherehani wa Arusha aliyebaki na ganzi vidoleni naye atavuka maswali ya miguu bila shida yoyote. Kwa maoni yangu, swali la kazi halitoshi kuulizwa kwa jumla. Mtu aulizwe ni kazi gani, na ni kipande gani cha kazi hiyo kimemshinda.

Na kuna salamu zetu. Mswahili ukimwuliza hali, atakujibu njema kwanza. "Sijambo, ila mgongo." "Salama, ila usingizi ndio hauji." Jibu lenyewe liko baada ya ile "ila", na haliji ukimharakisha. Mhoji anayepiga simu na kuweka alama kwenye neno la kwanza atakusanya watu wazima wa afya wilaya nzima. Yule anayekaa, akaitikia, akanyamaza kidogo, ndiye atakayeisikia.

Tatizo lingine ni mwanzo wa kipimo. Hakuna anayepimwa ubora wa maisha siku moja kabla ya kuugua. Ikiwa mzee alikuwa na kisukari na magoti mabovu tangu zamani, utajuaje kilicholetwa na ICU? Watafiti huwauliza ndugu, lakini ndugu na mgonjwa mara nyingi hawaoni sawa. Miezi mitatu baada ya kurudi nilimsomea baba mkubwa yale maswali matano, akanyoosha kidole kwenye 60. Mama mkubwa, aliyekuwa anamenya ndizi pembeni, akasema, "Sitini? Mwandikie arobaini." Hawakubishana. Kila mmoja alikuwa anataja kitu alichokiona.

Mwaka ulipotimia nilimwuliza tena. Mara hii alisema 75. Kifuniko cha chupa alikuwa anakifungua, ila mkungu wa ndizi hawezi kuubeba hadi leo, na kutoka nyumbani mpaka mfongo, mfereji wa maji, anapumzika mara mbili. Nilipomwuliza hizo 15 zimetoka wapi, alinijibu, "Siku hizi mkungu anabeba kijana. Mimi namwelekeza." Wapimaji wanalijua jambo hili na linawasumbua: mtu hubadilisha rula yake mwenyewe. Alama inapanda na mwili uko pale pale. Wengine huona ni kosa la kipimo. Mimi naona ni maisha yenyewe yakijipanga, mradi tu alama ya moyo isitumike kuficha ya mguu. Ndiyo sababu dodoso na mita za kibaraza huenda pamoja.

Wapo pia wasiopatikana. Miezi mitatu watu wanapokea simu. Mwaka wa pili namba imebadilika, mgonjwa kahamia Dar es Salaam kwa mwanawe, au amefariki. Ukihesabu waliopatikana tu, wastani utaonekana mzuri kuliko ulivyo. Na pesa je? Dodoso fupi haliulizi kama ng'ombe aliuzwa. Lile la Shirika la Afya Duniani lenye maswali 26 linauliza kama una pesa za kukutosha mahitaji yako, pia kama unaona maisha yako yana maana. Kwa nyumba za kwetu, ambako matibabu ya ICU hulipwa kwa michango, mkopo na mifugo, ningechagua hilo hata kama linachukua muda zaidi.

Nimemtaja mama mkubwa kwa kupita, na watafiti walimpita hivyo hivyo kwa miaka mingi. Mwaka 2016 yalitoka matokeo kutoka Kanada kuhusu watu 280 wanaowauguza waliotoka ICU. Mwanzoni, 67 kati ya kila 100 walikuwa na dalili nyingi za sonona. Baada ya mwaka bado walikuwa 43. Hao hawakuwahi kulala kwenye kile kitanda.

Nikamwuliza na yeye. Alikuwa anaosha vyombo, mzee ameshaingia kulala. Kutembea, hana shida. Kujihudumia, hana shida. Kazi, anafanya zote, na za mzee pia. Maumivu, ya kawaida ya umri. Nilipofika kwenye swali la tano, la wasiwasi, akazima bomba, akatazama mlango wa chumbani. Akaniambia usiku huwa anaamka kusikiliza kama mzee anapumua, mara tatu, mara nne, na kwamba hilo hajamwambia mtu. Kisha akauliza kama naweza kuliandika bila jina lake.