Kamera Haimnenepeshi Mtu

Anayejiandaa kupigwa picha ya kikazi hakosi kuambiwa kwamba kamera humwongezea mtu kilo. Wengine hata hushinda njaa siku mbili kabla, kazi bure. Kinachobadilisha sura ni umbali.

Tazama pua na masikio. Masikio yako nyuma ya ncha ya pua kwa sentimita 12 hivi. Simu ikiwa sentimita 30 kutoka puani, masikio yako sentimita 42, yaani mbali zaidi kwa asilimia 40: pua inavimba, masikio yanajificha. Kamera ikirudi nyuma hadi mita 1.5, tofauti inashuka hadi asilimia 8, na uso unakuwa kama watu wanavyouona mkizungumza. Ndiyo maana wapiga picha wengi husimama mita 1.5 hadi 2, na lenzi ya milimita 85 hivi, inayovuta picha karibu kiasi. Mpiga picha akienda mbali sana kwa lenzi ndefu, ile ya kuvuta vitu vya mbali, uso huonekana bapa na mashavu mapana. Nadhani hapo ndipo uvumi ulipopata pa kushika.

Mwanga nao una lake. Taa ikielekezwa usoni moja kwa moja hufuta vivuli vya mashavu, kwa hiyo isogezwe kando nyuzi 45. Geuza mabega kidogo, sogeza paji la uso mbele, ndipo ushushe kidevu. Ukikishusha bila kusogea, ngozi ya shingo hujikunja.

Koti linalopwaya ndilo hunenepesha kweli. Libane mgongoni kwa vibanio vya nguo, havitaonekana.