Ndugu Yako Yuko Kwenye Maafa Nje ya Nchi: Mambo Tunayohitaji Kutoka Kwako

Kila yanapotokea maafa makubwa nje ya nchi, simu za kitengo chetu cha kuunganisha familia hapa Msalaba Mwekundu, Tanzania, hazipoi. Siku chache baadaye huanza malalamiko: "Tulitoa taarifa, mbona kimya?" Malalamiko hayo yameongezeka, na tunayaelewa. Wenzetu wengi wako Oman na Emirati kwa kazi, wengine Uturuki kwa masomo. Kimbunga Shaheen kilipiga pwani ya Batinah, Oman, Oktoba 3, 2021. Mafuriko ya Aprili 2024 yaliingia hadi uwanja wa ndege wa Dubai.

Tuanze na simu. Mtu kutopatikana hewani si habari ya kifo. Tetemeko la Februari 6, 2023 kusini mwa Uturuki, lenye ukubwa wa 7.8, lilipiga saa 10:17 alfajiri watu wakiwa wamelala, na mchana wake likaja jingine la 7.5. Minara ya simu ilianguka, iliyosalia ikakosa umeme, na wengi walionusurika walitoka na nguo za kulalia kwenye baridi kali. Sasa ndugu kumi wakipiga usiku kucha, wanammalizia chaji huyo aliyebahatika kutoka na simu yake. Tuma meseji ya kawaida, fupi: "Uko salama? Uko wapi?" Meseji hupenya pale ambapo simu ya sauti inagoma. Kisha teueni mtu mmoja wa familia awe ndiye anayepokea na kutoa habari.

Na habari ya mtandaoni msiichukue kama hati. Mchezaji wa Ghana, Christian Atsu, aliyekuwa klabu ya Hatayspor ya Uturuki, alitangazwa siku moja baada ya tetemeko kwamba ameokolewa akiwa hai. Mwili wake ulipatikana Februari 18, chini ya kifusi cha jengo alilokuwa akiishi mjini Antakya. Kama mtu mwenye klabu na shirikisho la soka nyuma yake alitangaziwa hivyo, mwanao anayesoma huko hana kinga dhidi ya uvumi.

Sasa majina, maana hapa ndipo kazi inapokwama zaidi. Mtu anakuja na picha moja kwenye simu, ya harusini, mhusika yuko mstari wa nyuma kavaa miwani ya jua. Ukimuuliza jina anasema "Mama Zuu". La pasipoti halijui. Ndugu zangu, daftari la hospitali ya Muscat au Gaziantep halina Mama Zuu. Tunahitaji majina yote kama yalivyo kwenye pasipoti, majina ya wazazi, mwaka wa kuzaliwa, alama za mwilini kama kovu au jino lililong'oka, mwajiri au chuo, mtaa aliokuwa akiishi, na siku mliyowasiliana mara ya mwisho. Aliye Uturuki kwa kibali cha ukaazi ana namba ya utambulisho ya mgeni, tarakimu 11 zinazoanza na 99. Mwombe leo akutumie picha ya kadi ya kibali hicho, angali salama. Tuambie pia jina linavyotamkwa: alfabeti ya Kituruki haina w, hivyo karani anayeandika kwa kusikia anaweza kumwandika Mwanahawa kuwa Mvanahava, nasi itabidi tutafute kotekote. Na kama alisafiri kwa jina au umri usio wake, semeni. Hatupo hapa kumshitaki mtu.

Fomu ya kutafuta ndugu hujazwa na jamaa wa karibu, si jirani mwenye nia njema. Anakuja na kitambulisho chake na kusaini ridhaa, kwa kuwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inatubana sisi kama inavyozibana taasisi nyingine. Fomu hukaguliwa, na yenye mapengo hurudishwa. Iliyokamilika hutumwa kwa wenzetu wa Msalaba Mwekundu au Hilali Nyekundu wa nchi husika, wao hulinganisha na orodha walizonazo au kwenda kuulizia kwenye anuani ya mwisho, na majibu hurudi kwa njia ileile. Ukifungua faili la pili kwa mtu yuleyule katika ofisi nyingine huharakishi kitu. Unawatuma wahudumu wawili mlango mmoja. Tumelisema hili mara nyingi. Masuala ya hati za kusafiria na kusafirisha mwili yaulizwe ubalozini.

Lipo linalowaudhi wengi. Mtu mzima akipatikana, huulizwa kwanza kama anataka familia ijue alipo. Akikataa, hatutoi anuani yake, hata mzazi akilia mbele ya meza yetu. Wapo waliokimbia vipigo nyumbani, na kanuni hii ndiyo ngao yao.

Huduma hii ni bure tangu mwanzo hadi mwisho. Ukipata ujumbe wa "nimeokolewa, simu imepotea, nitumie hela kwenye namba hii", usitume kitu kabla hujasikia sauti ya ndugu yako na kumuuliza jambo la nyumbani ambalo mgeni halijui. Namba hiyo iripoti kwenda 15040, namba ya kuripoti matapeli wa simu. Na wanaotunga orodha za waliofariki wakumbuke kifungu cha 16 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015: faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili. Kifungu kinamlenga anayejua kuwa ni uongo na kukusudia kupotosha. Lakini aliyesambaza kwa hofu tu naye ameshamtoa machozi mama wa mtu.

Kimya kikizidi, msikate tamaa na faili. Uturuki, miili isiyotambuliwa ilichukuliwa alama za vidole na vinasaba kabla ya kuzikwa, hivyo kaburi lenye namba linaweza kupata jina baadaye. Sampuli ya ndugu inayofaa zaidi kulinganisha vinasaba ni ya mzazi au mtoto wa kumzaa. Ya mume au mke haimtambulishi marehemu.

Na ndugu akipiga mwenyewe, tupigieni siku hiyohiyo tufunge faili. Lisipofungwa, wenzetu wa huko wanaendelea kumtafuta mtu ambaye familia yake imeshazungumza naye, na jina linalofuata kwenye orodha linasubiri.