Mafundisho Sahihi Nayo Yaweza Kugeuka Sheria

Swali ninalokutana nalo sana katika kufundisha katekisimu, yaani mafundisho ya imani kwa maswali na majibu, ni hili: Sheria ni Agano la Kale na Injili ni Agano Jipya, sivyo? Sivyo. Katika Kutoka 20, kabla ya kutoa amri hata moja, Mungu anajitambulisha kuwa ndiye aliyewatoa Israeli katika nyumba ya utumwa. Wokovu umetangulia amri. Na anayefungua Mathayo 5 akitafuta faraja tupu atakuta kwamba hasira tu juu ya ndugu yake yatosha kumweka hatiani.

Kinachotenganisha Sheria na Injili ni kazi ya kila moja. Sheria inadai, na mwenye kudaiwa akijichunguza kwa kweli anaishia pale Paulo anapopataja katika Warumi 3:20, yaani kuitambua dhambi. Injili haidai, inatangaza kile ambacho Kristo amekwisha kumtendea huyo huyo aliyehukumiwa.

Mafundisho ya kanisa ndiyo yanayolinda mipaka hiyo, na mara nyingine hata mpangilio wa sura unatosha kuonyesha msimamo. Katekisimu Ndogo ya mwaka 1529 ya Martin Luther, mwanamatengenezo wa kanisa wa Ujerumani, inaanza na Amri Kumi, ndipo Kanuni ya Imani: kwanza ushitakiwe, kisha usikie msamaha. Katekisimu ya Heidelberg ya 1563, ya makanisa ya Kireformati, nayo inasema mapema kwamba sheria ndiyo inayotuonyesha unyonge wetu, lakini Amri Kumi zenyewe inazifafanua katika sehemu ya tatu, ile ya shukrani. Humo amri zinamwongoza mtu aliyekwisha kuokolewa. Walutheri hawakuikana kazi hiyo. Fomula ya Makubaliano ya 1577, hati yao ya imani, inaikubali waziwazi. Walichokataa ni wazo la Johann Agricola, aliyekuwa mwanafunzi wa Luther, kwamba toba ihubiriwe kwa Injili peke yake, bila Sheria. Luther alibishana naye kuanzia 1537, na kwa maoni yangu alikuwa na haki: asiyejua deni lake, habari ya kufutiwa deni itamfaa nini?

Lakini kuna hatari ambayo sisi walimu hatupendi kuitaja. Mafundisho sahihi yenyewe yaweza kugeuka sheria mpya, mtu akadhani anaokolewa kwa kujibu maswali yote barabara. Yakobo 2:19 inasema mashetani nao waamini na kutetemeka. Kwa usahihi wa hoja, wangefaulu mtihani wetu wowote. Yule mhalifu msalabani katika Luka 23 alijua machache mno, akaomba tu akumbukwe.

Sisemi kwamba usahihi ni anasa. Katika Wagalatia Paulo anawaka kwa sababu ya tohara, jambo ambalo kwingine analiita si kitu. Hapo lilikuwa limefanywa sharti la kuongezwa juu ya Kristo, na Injili yenye sharti ni Sheria iliyobadilishwa jina. Bila mafundisho, Wagalatia wasingeona kwamba kuna kilichobadilika.